Saa za mapokezi zinahesabika?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, mzaliwa wa Mwanza, sasa naishi Minneapolis. Nina shahada ya biolojia na nataka kusomea PA (physician assistant, msaidizi wa daktari), kazi inayokaribiana na ya matabibu wetu kule nyumbani. Mwaka mzima nimefanya kazi mapokezi kwenye kliniki, naandikisha wagonjwa na kuwapangia miadi. Rafiki yangu anasema saa hizo hazitanisaidia kuingia chuo, nikasomee CNA (msaidizi wa muuguzi). Wazazi hawataki kusikia: "Hatukukusomesha ukaoshe wazee." Nifanyeje?
Njia Panda

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako kasema kweli. CASPA, mfumo ambao vyuo vingi vya PA hupokelea maombi, hutenganisha saa ulizomhudumia mgonjwa kwa mikono yako na saa ulizofanya kazi tu mahali pa tiba. Mapokezi ni fungu la pili. Yaandike, lakini hayatajaza lile la kwanza.

Sharti la kuwa umehudumia wagonjwa kabla ya kuingia chuo lina umri sawa na kazi yenyewe. Chuo Kikuu cha Duke kilipoanzisha kozi ya kwanza mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead alianza na vijana waliokuwa wametoa tiba katika jeshi la wanamaji. Hawakuwa madaktari, ila mikono yao ilikwisha kuzoea wagonjwa. Kozi huchukua miaka miwili na ushee tu, hakuna muda wa kukufundisha kuingia chumbani kwa mgonjwa bila kutetemeka.

Kasomee CNA. Sheria ya Marekani inataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, kisha mtihani, na baadhi ya majimbo huongeza. Yapo makao ya wazee yanayokulipia ukikubali kufanya kazi kwao. Vyuo havilingani: kimoja kinataka saa 500, kingine 1,000, kingine 2,000, basi soma masharti ya kila kimoja. Ukifanya saa 40 kwa wiki, wiki 50 zinakupa 2,000.

Mimi nilianzia zamu ya usiku. Kulikuwa na mzee aliyepooza upande wa kulia, hasemi. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Usiku mmoja nilimvua soksi nikaona alama ya mpira imezama mguuni kuliko jana yake, na nikimlaza chali anahema. Nikamkimbilia muuguzi. Kumbe moyo ulikuwa umelemewa, maji yameanza kujaa mapafuni. Jina la ugonjwa sikulijua, lakini nilijua jana yake alikuwaje, kwa sababu ni mimi niliyemwosha. Kwenye usaili wa chuo waliniuliza nimejifunza nini kazini, nikawasimulia usiku ule, wakaacha kuandika wakanisikiliza.

Jambo moja nililizembea: kumbukumbu. Makao yale yalifungwa, msimamizi wangu akahama, nikabaki kupekua maboksi nikitafuta hati za mishahara ili nithibitishe saa zangu. Wewe anza daftari siku ya kwanza: tarehe, saa, ulichofanya, jina na simu ya msimamizi. Mapokezi usiyaache mpaka upate zamu, maana kodi haisubiri. Na kwa kuwa uko kliniki tayari, mwombe PA wa hapo akuruhusu umfuate siku chache utazame anavyofanya kazi. Hilo nalo huandikwa mahali pake.

Kuhusu wazazi, usibishane nao. Mama yangu alilia kwenye simu nilipomwambia naosha wazee, na kwa miezi hakuniuliza habari za kazi. Kisha bibi akaanguka kule Moshi, akavunjika nyonga. Saa tisa usiku kwa saa za huku simu ikalia. Alikuwa mama, anataka nimwelekeze namna ya kumgeuza bibi kitandani bila kumuumiza.