Daftari kwanza, darubini baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka kupima nyota za M4 kama wewe. Ninunue darubini gani?" Ndugu yangu, darubini isubiri. Kilichonipotezea msimu mzima ni daftari.

M4 ni kundi la nyota zilizosongamana kama mpira, kando ya Antares, ile nyota nyekundu ya kundinyota la Nge, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 6,000. Humo zimo nyota za aina ya RR Lyrae, zinazovimba na kusinyaa, nyingi zikimaliza mzunguko kwa takriban nusu siku. Mwanga hupanda upesi, hushuka taratibu. Zile zinazokaribia nusu siku kamili, ukizipiga picha saa ile ile kila usiku, utazikuta na mwanga karibu ule ule wa jana. Lazima ubadilishe saa, tena urudi wiki baada ya wiki.

Nilirudi. Mei nzima, nje kidogo ya Dodoma, na darubini ya kuazima. Nilipochora grafu ya mwanga wa nyota moja katika mzunguko wake, nukta zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Mtaalamu mmoja niliyemwonyesha aliniambia niwaachie wenye mitambo. Neno lile linaniuma hadi leo.

Siku moja nikaona kwenye daftari "9:30 usiku" kurasa mbili zinazofuatana. Ya kwanza niliinakili kutoka kwenye simu, yaani saa tatu na nusu. Ya pili ilikuwa saa tisa na nusu yetu, majogoo karibu kuwika. Saa sita! Kwa nyota ya nusu siku, hiyo ni nusu ya mzunguko: ya kileleni unaiweka bondeni. Muda uliohifadhiwa ndani ya mafaili ya kamera ndio ulioniokoa. Nilipochora upya, mstari ulipanda wima, kisha ukateremka polepole. Nililia.

Kwa hiyo andika saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kila picha, kila usiku. Tumia nyota zile zile za kulinganishia, zisizobadilika mwanga. Usiku wa mawingu andika "mawingu". Msidharau kuandika, vijana! Mwanaanga Mmarekani Harlow Shapley alitumia nyota zinazobadilika mwanga ndani ya makundi kama haya, na mwaka 1918 akaonyesha kuwa Jua letu haliko katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Hesabu yake ilisimama juu ya vipimo vilivyorudiwa na kuandikwa.

Yule mtaalamu nilimtumia grafu mpya. Hajajibu. Mei ijayo nitakuwa pale pale Dodoma, na saa ya mkononi iliyorudishwa nyuma saa tatu.