Stakabadhi ghalani: ugomvi unazaliwa kwenye mzani

Swali lenu la wiki hii, "Stakabadhi ghalani ifutwe au ibaki?", huku Newala, Tandahimba na Masasi mkoani Mtwara linaweza kuvunja kikao cha harusi. Ni mfumo wa mkulima kupeleka korosho ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika, kupewa stakabadhi na kungoja mnada. Anayetetea chama huambiwa anakula makato, anayekipinga huambiwa ni mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo. Jibu langu: ibaki. Lakini "ifutwe au ibaki" inaruka mahali ugomvi wenyewe unapozaliwa, yaani kwenye mzani wa chama cha msingi na kwenye ile miezi kabla korosho hazijaanza kuanguka.

Nianze na hiyo miezi. Palizi na kupuliza dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga vinataka fedha kuanzia Mei na Juni, na nyumbani watu wanakula kila siku. Mnada haufunguliwi mpaka Oktoba. Katikati hapo ndipo kangomba anapopita na fedha taslimu. Tuseme ananunua Julai, korosho zikiwa bado maua, kwa shilingi 1,500 kilo ambayo mnadani itafika 3,000: mkulima amekopa kwa riba ya asilimia 100 kwa miezi mitatu, na bado bakuli la kupimia limezidi kilo. Anayeuza analijua hilo kuliko sisi tunaomhubiria. Anauza kwa kuwa hajapata wa kumkopesha kwa dhamana ya maua ya mkorosho.

Ndiyo maana kumfukuza kangomba kwa amri hakujawahi kumaliza kazi. Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za mnadani, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi litazisomba. Kangomba asilipwe, na mwenye zaidi ya kilo 1,500 ahakikiwe shamba lake. Udhaifu wa kigezo hicho uko wazi: mzigo wa tani kumi unagawanyika kwa urahisi kwenye majina ya shemeji na majirani, kila mmoja chini ya kiwango, wakati mkulima halali mwenye mikorosho mingi ndiye anayesubiri mhakiki. Wapo waliosubiri malipo mpaka 2019. Majirani walioanza kuchongeana msimu ule, wengine hawajapatana.

Sasa mzani, ambako chuki nyingi huanzia bila mwizi yeyote. Korosho inayotakiwa ghala kuu ni yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Mkulima mwenye haraka huokota leo, kesho yuko chamani. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 12 zikikaukia mpaka 8 zinabaki kilo 95.7 hivi. Karani amekwisha kuandika 100. Ghala kuu linasoma pungufu, na pengo hilo lazima mtu alilipe. Likigawanywa kwa wanachama wote, aliyeanika korosho zake siku tatu juani analipia maji ya mwenzake, na kwenye karatasi anaona mstari mmoja tu: unyaukaji. Hapo hata katibu mwaminifu ataitwa mwizi.

Dawa yake ni kupima unyevu kabla ya uzito, si baada. Chama kisicho na kipimo kishike korosho mkononi: iliyokauka ukiitikisa inalia, na ukucha hauachi alama kwenye ganda. Isiyofika irudi kwenye turubai, hata ikiwa ya mwenyekiti. Mzani nao ujaribiwe mbele ya watu kila asubuhi kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Stika ya Wakala wa Vipimo ni lazima, ila haizuii mzani kuwekwa kwenye sakafu iliyoinama.

Ubora ni hivyo hivyo. Sampuli inachomolewa kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia, kutoka magunia mengi, si mawili ya mlangoni. Unapasua kilo moja na kupima kiini. Tuseme kizuri ni gramu 290, chenye madoa gramu 20, nacho kinahesabiwa nusu: jumla 300, sawa na karibu ratili (pauni) 53 za kiini kwa gunia la kilo 80 la korosho ghafi. Mnunuzi hupanga bei kwa tarakimu hiyo. Mkulima anayesikia tu "daraja la pili" bila kuona kisu kikipasua ana haki ya kununa.

Mnadani kuna mgawanyiko mwingine. Mwenye magunia mawili na mwenye magunia mia mbili wananyosha mkono mmoja mmoja kukubali au kukataa bei. Wa kwanza anataka ada ya shule, wa pili anaweza kungoja mnada ujao. Kelele za "tumeuzwa" mara nyingi zinatoka hapo, na mnada wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania haujaziondoa.

 

Ahadi ya bei nayo ni baruti. Aprili 2013 kule Liwale, mkoani Lindi, nyumba zilichomwa moto baada ya malipo ya pili ya korosho, maana wakati huo zililipwa kwa awamu, kuja pungufu ya yaliyotarajiwa. Kwa hiyo mjengeko wa bei, yaani orodha ya makato yanayoondolewa kwenye bei ya mnada, ubandikwe ukutani kabla gunia la kwanza halijapokelewa, kila kato kwa shilingi na jina la anayelichukua: usafiri, ghala, chama cha msingi, chama kikuu. Na wewe mkulima, kabla hujaondoka na stakabadhi yako, soma namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Ikikosewa moja, fedha hurudi benki, na kijijini utasikia chama kimekudhulumu.