Padi ya gemu: unaipiga au unaicheza?

Msomaji ananiuliza hivi: anafanya muziki laivu kwa padi ya gemu iliyochomekwa kwenye kompyuta, anarekodi kipande cha midi (ujumbe wa kidijitali unaoiambia kompyuta noti ipi ipigwe), programu inakirudia, yeye anaongeza kingine juu yake. Aseme anacheza lupu, anapiga lupu au anazungusha lupu? Na je, "kupiga" inafaa kweli wakati padi yenyewe haitoi hata mlio?

Lupu unaizungusha, au unaiacha ijirudie. Neno tumelitoa kwa Kiingereza na limeshazoeleka, hata "kulupu" nimechoka kuipinga, mradi usiniandikie "ku-loop" na kile kistari chake. Tuendelee, maana kinachoniuma mimi ni hiyo "kucheza".

Kucheza gitaa! Kucheza piano! Kucheza dramu! Jamani, hii mmeitoa wapi? Gitaa linapigwa, kinanda kinapigwa, ngoma inapigwa, zumari linapulizwa, na anayecheza ni yule aliyeinuka kwenye kiti kwa sababu ngoma imemkolea. Hizo ni kazi mbili na Kiswahili kimezipa vitenzi viwili, sasa wewe unaziunganisha eti kwa kuwa Kiingereza kina kitenzi kimoja.

Chukua ule mkeka wa gemu za dansi, wenye mishale ya kukanyaga. Wapo wanaouunganisha na kompyuta, kila mshale ukawa noti, wakapiga besi kwa miguu huku mikono inashughulika na mengine. Sasa mtu kama huyo akiandika "jana nilicheza mkeka nusu saa", nielewe nini? Alikuwa anadansi? Alikuwa kwenye gemu? Au alikuwa anatengeneza muziki? Yote matatu yanawezekana na sentensi haisemi lolote. Angeandika "nilipiga besi kwa mkeka huku nacheza", ningemwona mwili mzima, mguu unapiga, kiuno kinacheza, na kila kitenzi kiko kazini kwake.

Kuhusu padi kutotoa mlio, hilo lisikusumbue kabisa. Unapiga pasi, unapiga picha, unapiga kura, unapiga magoti, na hakuna anayedai sauti hapo. Tena kwenye midi ndio "kupiga" inakaa barabara kuliko popote. Midi, kifupisho cha Kiingereza cha mfumo uliotolewa 1983, haibebi sauti, kwa hiyo wanaosema "nimerekodi sauti ya midi" nao waache. Ukibonyeza kitufe, programu inayounganisha padi na midi inatuma ujumbe kwamba noti namba 60, ile C ya katikati, imepigwa kwa nguvu 100, kipimo kikiishia 127, ukiachia unakuja ujumbe mwingine kwamba imeachiwa. Basi! Lupu yako imehifadhi mapigo matupu, ndio maana unaweza kuigeuza kutoka piano kwenda marimba bila kurekodi upya. Hata saa ya midi inayozifanya lupu zisipishane inahesabu mapigo, 24 kwa kila robo noti. Kitu chote hiki ni mapigo mwanzo mwisho, halafu mtu aje aniambie "anacheza"?

Isipokuwa kama kidhibiti chako, yaani kifaa unachotumia badala ya padi, ni kile chenye mdomo, kinachopima pumzi. Hicho unapuliza.