Diski za milimita 280 kwa rimu za inchi 13

Unauliza kama diski za breki za milimita 280 zitaingia ndani ya rimu za inchi 13? Haziingii, kaka. Inchi 13 ni milimita 330, na hapo ni pale tairi linapokalia. Kwa ndani nafasi ni ndogo zaidi. Kalipa, kile kifaa kinachobana diski ukifunga breki, nayo hutokeza nje ya ukingo wa diski. Nilijaribu na gari langu, Ford Escort, uani Buruburu, gurudumu halikumaliza hata nusu mzunguko, likakwama kwenye kalipa. Kapekue rimu za inchi 15 pale Grogan, kwa wauza vipuri Nairobi, lakini nenda na kalipa yenyewe mkononi, usikadirie kwa macho. Halafu angalia masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali: pistoni kubwa za kalipa hutaka mafuta mengi ya breki, ukiacha ile ndogo ya zamani pedali itazama karibu iguse sakafu.