Kabla hujamwita mnunuzi, mpime nguruwe wako

Nguruwe wa kwanza niliyemuuza hapa Busia alipimwa kwa macho. Mnunuzi alikuja na bodaboda, akainama juu ya ukuta wa banda, akamgonga mgongoni kwa kidole kama mtu anayechagua fenesi, akasema, "Mama, huyu ni kilo 55, sizidishi." Karo ya watoto ilikuwa inanikaba, nikapokea. Ujanja niliujua baadaye: alitaja kilo za nyama, akanilipa bei ya kilo ya nguruwe mzima. Nguruwe akichinjwa, ukitoa damu, manyoya na matumbo, hubaki kama robo tatu ya uzito wake, mara nyingi pungufu ya hapo. Siku hizi, kabla ya kutajiwa bei, nauliza: kilo za mzima au za nyama?

Mizani kubwa sina. Nina tepu ya fundi cherehani. (Fundi jirani yangu ni Mwislamu, sikuthubutu kuazima ya kwake, nilinunua yangu sokoni.) Asubuhi, kabla nguruwe hajashiba, namrushia pumba kidogo ili atulie. Nazungusha tepu kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kisha napima mgongo, kuanzia katikati ya masikio hadi shina la mkia, kichwa kikiwa kimenyooka. Vipimo viwe vya mita. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Jike niliyempima mwezi uliopita alikuwa na mzunguko wa 1.06 na urefu wa 1.02, ikaja kilo 79 na ushei. Inaweza kukosea kilo kadhaa, lakini haikosei kama jicho la mtu mwenye haraka ya kununua.

Kumpima ni kazi ya dakika tano. Kumnenepesha ndiko kulikonisumbua. Mwaka wa kwanza nilikuwa najaza pumba za mahindi tu, asubuhi na jioni. Matumbo yalijaa, migongo ikabaki kama makali ya panga. Nguruwe si ng'ombe. Ana tumbo moja kama letu, na akiachwa porini hula mizizi, matunda, majani, minyoo, hata mizoga. Pumba peke yake haimjengi nyama. Nilipoanza kuchanganya mukene (dagaa wa ziwani waliokaushwa) na soya, mapaja yalianza kujaa. Soya ikaange kwanza, mbichi inamzuia kusaga chakula vizuri. Mukene wa mifugo huanikwa chini, kwa hiyo kabla ya kununua natia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji na kukoroga: mchanga unazama, na hapo bei inaanza kushuka. Majani ya viazi vitamu nawapa kila siku. Maganda ya muhogo naanika juani hadi yakauke kabisa, kwa sababu muhogo mbichi, hasa ule mchungu, una sumu. Machicha ya malwa, pombe ya kienyeji ya nafaka, wanayapenda kupita kiasi, nawapa kidogo.

Mabaki ya hotelini, chemsha. Ukishindwa kuchemsha, yaache. Yakiwa na kipande cha nyama ya nguruwe aliyekuwa mgonjwa, homa ya nguruwe ya Afrika inaingia bandani mwako, na homa hiyo haina dawa. Nimeshuhudia banda la jirani likimalizika wiki moja.

Halafu kuna tabia zake, ambazo watu wengi huziita uchafu. Nguruwe karibu hatoki jasho. Jua la saa saba likimchoma, anatafuta tope ili apoe, na akilikosa atalala hata kwenye mkojo wake. Mimi namwagia maji sakafuni mchana, na chakula nawapa asubuhi mapema na jioni, maana kwenye joto hawali vizuri. Kwa hiari yake hanyi anapolala. Siku ya kwanza ya banda jipya nililowesha kona moja, nikaweka kinyesi kidogo pale, na upande wa pili nikatandika nyasi kavu. Kufikia siku ya tatu wote walikuwa wanakwenda kona ile ile. Ukiwasonga wengi mahali padogo, hata hilo linawashinda.

Pua yake nayo inataka kazi. Wangu walipokaa juu ya saruji tupu walianza kutafunana mikia. Nikawatupia mafungu ya nyasi yenye mizizi na udongo wake, wakayachimbua mchana kutwa, na mikia ikapona. Jike mwenye mimba ya siku 114 hivi, siku moja kabla ya kuzaa hubeba nyasi mdomoni na kutengeneza kitanda. Mpe nyasi nyingi, punguza kelele, na watoto wasikaribie.

Kwa vitoto ile hesabu ya tepu haifai. Kitoto huzaliwa na kilo 1 hadi 1.5, mimi nakitia kwenye gunia, natundika kwenye mizani ya ndoano ya muuza maharage, nasubiri kiache kurusha miguu ndipo nasoma. Kinachobaki nyuma ya wenzake nakihamishia chuchu za mbele, zenye maziwa zaidi, siku hiyo hiyo ya kuzaliwa, kabla kila mmoja hajachagua yake.