Mwavuli umefunguka vizuri, mbona mtu anakufa?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Dubai. Aliruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli, na mwalimu, juu ya Palm Jumeirah, wamefungwa pamoja, na sasa anataka kusomea kuruka peke yake. Mama halali. Kila akinipigia ananiuliza mwavuli usipofunguka itakuwaje, nami sina la kumjibu. Hiyo ndiyo sababu inayowaua wengi? Na hicho kifaa ambacho mdogo wangu anasema hufungua mwavuli chenyewe, kinaaminika? – Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Dada, mpe mama pole. Hofu yake ni ya haki, ila ameielekeza pasipo. Fungu kubwa la wanaokufa katika mchezo huu wana mwavuli mzima, uliofunguka sawasawa, juu ya vichwa vyao.

Nianze na hilo la kutofunguka, kwa kuwa ndilo linalomkosesha mama usingizi. Mwavuli mkuu kugoma au kufunguka ukiwa umejisokota hutokea. Makadirio ya kawaida ni kama mara moja katika miruko elfu. Ndiyo maana kila mrukaji hubeba miavuli miwili mgongoni. Wa pili, wa akiba, haukunjwi na yeyote tu. Hukunjwa na fundi mwenye cheti, kazi ambayo mimi naifanya, na Marekani sheria inataka ukaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haujatumika. Kifuani pana vishikio viwili: cha kulia huuachia mwavuli mkuu uende zake, cha kushoto hufungua wa akiba. Kuachia kunawezekana kwa mvuto mdogo wa mkono kwa sababu ya pete tatu zilizopitishwa moja ndani ya nyingine, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970. Kabla ya hapo kujinasua kutoka kwenye mwavuli mbovu kulikuwa kazi ngumu kweli.

Kinachoua hapa ni muda. Mtu akianguka kifudifudi hufikia kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, yaani mita 55 hivi kila sekunde. Mwenye leseni ya kwanza, kwa kanuni za chama cha warukaji cha Marekani, USPA, hatakiwi kufungua chini ya futi 3,000, ambazo ni kama mita 900. Piga hesabu: sekunde 16 na ardhi imefika. Wanaopotea katika hali hii mara nyingi wamehangaika na kamba zilizosokotana hadi kimo kikaisha, au wamefungua wa akiba bila kuuachia mkuu, miwili ikanasana. Miavuli yote miwili kugoma kwa pamoja bila kosa la mtu ni jambo adimu sana. Ndiyo sababu mwanafunzi hukaririshwa zile hatua mbili, kulia kisha kushoto, mpaka mikono iende yenyewe.

Sasa nije kwenye kifaa. Kilichobadilisha mchezo huu ni CYPRES, kilichotoka Ujerumani mwaka 1991. Hupima shinikizo la hewa. Kile cha warukaji wazoefu kikiona mtu bado anaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde akiwa karibu mita 225 kutoka ardhini, hukata kitanzi kinachofunga mfuko wa akiba, na mwavuli ukachomoka. Aliyezimia angani au aliyepoteza hesabu ya kimo ameokolewa namna hiyo mara nyingi. Kinaaminika, naam. Lakini kimetengenezwa kwa mtu anayeanguka bila mwavuli. Mwavuli mkuu ukishafunguka, kasi hushuka na kifaa hakina tena la kufanya.

Na hapo ndipo penye balaa. Mwavuli wa siku hizi ni bawa la kitambaa, na mrukaji ni rubani wake. Akivuta kamba ya upande mmoja, bawa hulala, mwili wake hurushwa nje kama jiwe kwenye kombeo, na nguvu iliyokuwa ikimbeba juu huelekea pembeni. Bawa hupiga mbizi, na kunyooka tena kunadai kimo. Akikata kona hiyo akiwa na mita 500 chini yake, ni raha tupu. Akiikata karibu na ardhi, anaigonga kabla bawa halijanyooka. Wapo wanaofanya kusudi ili watue kwa kasi ya kuvutia macho, na hawa huwa wazoefu wenye mamia ya miruko. Wapo pia wageni wanaoona ghafla ukuta, waya wa umeme au mrukaji mwingine mbele yao, wakashtuka na kuvuta kamba moja hadi mwisho. Afadhali mara mia atue moja kwa moja, hata upepo ukiwa mgongoni, miguu imebanwa pamoja na tayari kubingirika. Atavunjika kifundo cha mguu, basi.

Ukubwa wa bawa ndio unaoamua mengi. Kipimo cha tahadhari kwa mgeni ni ratili moja ya uzito kwa kila futi ya mraba ya kitambaa. Mtu wa kilo 90 pamoja na vifaa vyake vyote anahitaji mwavuli wa futi za mraba 200 hivi au zaidi. Mdogo kuliko huo huenda kasi na hausamehe.

Upepo nao. USPA humzuia mwanafunzi kuruka upepo ukizidi maili 14 kwa saa, karibu kilomita 22. Akija likizo akataka kuruka Diani wakati wa kusi, ajue kwamba nyuma ya minazi hewa huvurugika. Machafuko hayo hufika umbali wa mara 10 hadi 20 ya urefu wa mti, na bawa linaweza kujikunja humo.

Kwa upana wake, hali imeboreka sana. Miaka ya 1970 Marekani ilikuwa ikipoteza warukaji zaidi ya 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2024 USPA ilihesabu vifo 9 katika miruko inayokaribia milioni 3.9. Booth aliwahi kutania kwamba kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama ndivyo warukaji wanavyozidi kuhatarisha maisha, ili vifo visipungue. Vimepungua, lakini utani huo haujaisha ukweli.

Ndege yenyewe pia si ya kusahau: mwaka 2019 huko Hawaii 11 walikufa baada ya kupaa tu, na Umeå, Sweden, wakafa 9. Mwambie afunge mkanda.

Kwa hiyo, dada, usimuulize kama mwavuli utafunguka. Muulize atarukia mwavuli wa futi ngapi baada ya kupata leseni, na nani atakayemfundisha kuuendesha na kuutua. Akikujibu kwamba rafiki yake atamwazima ule wake mdogo wa mbio, hapo mama ana haki ya kupiga kelele.