Barua kwa mwanangu: mayai mekundu ya Pasaka

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili: kwa nini mayai uliyotia rangi huko Athens yalipasuka nusu yake na mengine yakatoka na mabaka, na kwa nini wenyeji wako hawataki rangi yoyote ila nyekundu. Nianze na sufuria, maana Wagiriki hutia rangi Alhamisi Kuu na siku hiyo haiko mbali.

Kilichoyapasua ni haraka. Upande butu wa yai una kifuko cha hewa. Ukilitoa yai frijini na kulitumbukiza kwenye maji yanayochemka, hewa ile hutanuka upesi kuliko inavyoweza kupenya vitundu vya ganda, basi ganda huachia. Yatoe saa moja kabla. Yapange safu moja tu, yasibanane wala kugongana, na moto uwe mdogo tangu mwanzo.

Mabaka ni habari nyingine. Mafuta ya vidole na ile namba wanayopiga kwenye mayai ya Ulaya huzuia rangi kushika. Sugua kila yai polepole kwa kitambaa kilicholowa siki kidogo, suuza, kausha.

Kwa mayai kumi, chukua maganda makavu ya vitunguu kumi na vitano. Tafuta vile vya ganda la rangi ya dhahabu. Vitunguu vyekundu tulivyozoea nyumbani havitoi rangi ile ile. Chemsha maganda kwa lita moja na nusu ya maji, moto mdogo, nusu saa. Chuja na uache maji yawe vuguvugu. Usiache kipande cha ganda mle ndani, kitalilalia yai na kuacha doa. Tia siki nyeupe vijiko vitatu vya chakula. Siki hula chokaa ya ganda kidogo tu, rangi ikapata pa kushika. Ukizidisha, utaona vipovu vinapanda juu ya ganda, nalo litakwaruzika na kubanduka rangi.

Panga mayai, maji yayafunike, washa. Yakianza kutokota kidogo, hesabu dakika 12, kisha yatoe uyatie kwenye maji baridi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: rangi ikiwa hafifu, huyaacha kwenye maji ya moto. Yai likipikwa mno, salfa ya ute hukutana na chuma cha kiini, ukapata ule mduara wa kijani. Poza maji ya rangi kabisa, rudisha mayai humo, weka frijini usiku kucha. Mayai meupe yatafika wekundu wa tofali. Ya kahawia yatakolea zaidi. Ukitaka wekundu mkali kama wa majirani, nunua rangi ya unga ya mayai na ufuate pakiti yake. Asubuhi yakaushe, uyapake mafuta ya zeituni tone moja kwa kitambaa laini, yang'ae.

Nunua mayai wiki moja kabla. Yai lililotagwa jana huchubuka vibaya likimenywa, kwa sababu ute wake bado unang'ang'ania utando wa ganda.

Sasa hilo la nyekundu. Kwa Waorthodoksi rangi hiyo ni damu ya Kristo, na ganda ni kaburi lililofungwa. Ndiyo maana usiku wa Pasaka wanagonganisha mayai, mchezo wanaouita tsougrisma: mmoja husema "Christos Anesti", yaani Kristo amefufuka, mwenzake hujibu "Alithos Anesti", kweli amefufuka. Shika lako ncha kali ikiwa juu, vidole vikilizunguka karibu lote. Ncha hiyo ni imara kuliko upande butu. Lisilopasuka humletea mwenyewe baraka ya mwaka.

Wingi wa mayai uliokushangaza huko nao una sababu yake. Kwaresima yao inakataza mayai, na kuku hutaga kwa kufuata mwanga. Huko mchana hurefuka majira ya kuchipua, basi mayai yalijaa majumbani siku zile zile ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuyala. Kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, ndiyo maana jambo hili lilikushangaza.

Yasikae mezani zaidi ya saa mbili kama mnakusudia kuyala. Yaliyobaki frijini yaishe ndani ya wiki. Yamenye uyatie kwenye mchuzi wa nazi dakika za mwisho, yapate moto tu.

Mama yako